Kliniki ya aspajilosi sugu ya mapafu

Kliniki ya aspajilosi sugu ya mapafu ni huduma ya wagonjwa wa nje inayowachunguza, kuwatibu na kuwafuatilia kwa muda mrefu watu ambao mapafu yao yameshambuliwa na kuvu (fangasi) ya jenasi Aspergillus, hasa spishi ya Aspergillus fumigatus. Hospitali zenye kliniki ya ugonjwa huu peke yake ni chache duniani. Inayojulikana zaidi ni Kituo cha Taifa cha Aspajilosi cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Wythenshawe mjini Manchester. Mahali pengi, pamoja na Afrika ya Mashariki, mgonjwa huonwa katika kliniki ya kifua au ya kifua kikuu ya hospitali ya rufaa, kwenye foleni moja na wagonjwa wengine wa mapafu. Hatua zinazofuatwa zinafanana, ila vipimo na dawa vinavyopatikana hutofautiana sana.

== Ugonjwa wenyewe ==

Aspergillus ni ukungu unaoota kwenye majani yaliyooza, mboji, nafaka zenye unyevu na kuta zinazovuja. Jina lake lilitolewa mwaka 1729 na padri na mtaalamu wa mimea Mwitalia, Pier Antonio Micheli, aliyeona kwamba umbo lake chini ya hadubini linafanana na kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Spora zake ni ndogo mno na huelea hewani, hivyo kila mtu huzivuta kila siku. Mapafu yenye afya huziondoa bila mwenyewe kujua.

Shida huanza pale ambapo pafu limeachiwa kovu au tundu na ugonjwa mwingine. Duniani kote chanzo kikuu cha matundu hayo ni kifua kikuu. Mtu anaweza kuwa amepona kabisa kifua kikuu, bakteria zote zimekufa, lakini tundu likabaki kama chumba kisicho na mwenyewe. Spora zikiingia humo, huota taratibu kwa miezi au miaka. Wakati mwingine nyuzi za kuvu hujisokota pamoja na kamasi na chembe zilizokufa zikawa donge linaloitwa aspajiloma, au mpira wa kuvu. Watu wenye magonjwa mengine ya kudumu ya mapafu, kwa mfano yale yanayotokana na sigara, nao wanaweza kupatwa.

Aina hii sugu isichanganywe na aspajilosi ya mzio, inayowapata baadhi ya wenye pumu, wala na aspajilosi vamizi, ambayo huua kwa muda mfupi watu ambao kinga yao imeshuka sana, kama wanaotibiwa saratani ya damu. Pia isichanganywe na sumukuvu. Ni kweli kwamba ndugu wa kuvu hii, Aspergillus flavus, ndiye anayetengeneza sumu katika mahindi na karanga, sumu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Lakini hayo ni madhara ya chakula kilicholiwa, yanayoharibu ini, si ugonjwa wa mapafu.

Aspajilosi haiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa hahitaji kutengewa chumba, vyombo wala kitanda. Jambo hili huelezwa mapema kliniki, kwa kuwa wengi wa wanaofika wamewahi kuishi na unyanyapaa wa kifua kikuu na wanadhani wamerudi palepale.

== Njia ya kufika kliniki ==

Dalili kuu ni kikohozi kisichoisha, uchovu mzito, kupungua uzito, kukosa pumzi, maumivu ya kifua na kukohoa damu. Homa na kutokwa jasho usiku hutokea pia, ingawa si sana. Orodha hii karibu yote ni ya kifua kikuu pia, na picha ya eksirei nayo huonyesha matundu kama ya kifua kikuu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika kliniki wakiwa wamekwisha kunywa dawa za kifua kikuu mara ya pili, hata ya tatu, ilhali makohozi yao hayakuonyesha bakteria. Dawa hizo haziiui kuvu. Miezi sita hupita, mgonjwa anaendelea kukonda, na hatimaye huambiwa pengine ana kifua kikuu sugu kwa dawa.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa nchini Uganda. Katika mji wa Gulu watafiti waliwachunguza watu 398 waliokuwa wametibiwa kifua kikuu, kisha wakawapima tena 285 kati yao baada ya miaka miwili hivi. Waliokutwa na aspajilosi sugu walikuwa asilimia 4.9. Kwa wale ambao eksirei ilionyesha tundu lililobaki, kiwango kilikuwa asilimia 26. Kwa wasio na tundu hakikufika asilimia 1. Kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu akabaki na tundu, kisha akaanza kukohoa upya huku kipimo cha kifua kikuu hakionyeshi kitu, ndiye hasa anayestahili kupewa rufaa.

== Ziara ya kwanza ==

Ziara ya kwanza huwa ndefu, na mara nyingi humaliza siku nzima kwa sababu mgonjwa hupita kwa muuguzi, daktari, maabara na chumba cha picha. Vitu vitatu vya kwenda navyo husaidia kuliko vyote: kadi ya matibabu ya kifua kikuu, picha zote za zamani za eksirei au CT, na dawa zote zinazotumika, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na dawa za asili.

Picha za zamani zina thamani kubwa kuliko wagonjwa wengi wanavyodhani. Kovu la kifua kikuu halibadiliki, kuvu hubadilika. Daktari akiweka picha ya miaka miwili iliyopita kando ya ya leo, akaona tundu limepanuka, ukuta wake umekuwa mnene au tundu jipya limejitokeza, ameshapata sehemu kubwa ya jibu. Aliyetupa picha zake hulazimika wakati mwingine kusubiri miezi mitatu apigwe nyingine ili zilinganishwe.

Muuguzi hupima uzito, joto, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni kwa kifaa kinachobanwa kidoleni. Uzito huandikwa kwa makini, maana katika ugonjwa huu mizani ni kipimo cha matibabu: anayeitikia dawa mara nyingi huanza kunenepa kabla kikohozi hakijatulia. Panapo mashine, mgonjwa hupuliza kwa nguvu kwenye bomba ili kupima uwezo wa mapafu. Zoezi hilo huchosha na huleta kikohozi, na aliyekohoa damu nyingi siku za karibuni aseme kabla ya kupuliza.

Kisha daktari huuliza maswali mengi. Kifua kikuu kilitibiwa lini na kwa muda gani? Damu hutoka mara ngapi, na kwa kiasi gani, michirizi au kijiko au kikombe? Mgonjwa anaweza kupanda ngazi au kwenda sokoni bila kusimama njiani? Ana pumu, kisukari, VVU, ugonjwa wa moyo au wa ini? Anafanya kazi gani? Kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa ataulizwa pia kuhusu ujauzito, kwa kuwa dawa zinazotumika sana zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hivyo njia ya uzazi wa mpango hujadiliwa kabla ya kuanza.

== Vipimo ==

Kipimo cha kwanza karibu kila mahali ni cha kutafuta kifua kikuu katika makohozi, kwa hadubini, kwa mashine ya GeneXpert au kwa kuotesha. Hata aliyepimwa mwezi uliopita huweza kuombwa makohozi tena. Huku si kutomwamini: magonjwa hayo mawili yanaweza kuwapo pamoja, na kumpa mtu dawa ya kuvu huku kifua kikuu kikiendelea ni hatari kwake na kwa jamaa zake. Makohozi mazuri ni yanayotoka ndani ya kifua, hasa asubuhi, mate hayafai. Sehemu ya makohozi hupelekwa kuoteshwa kutafuta kuvu, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Kutoota kwa kuvu hakumwondolei mtu ugonjwa, kwa kuwa makohozi ya wagonjwa wengi hayaoti kitu.

Kipimo muhimu zaidi ni cha damu, kinachotafuta kingamwili za aina ya IgG dhidi ya Aspergillus. Kiwango cha juu kinaonyesha kwamba mwili umekuwa ukipambana na kuvu hiyo kwa muda. Zipo pia aina za haraka zinazotoa jibu kwa tone dogo la damu katika muda wa nusu saa hivi, bila mashine kubwa. Kipimo peke yake hakitoshi: mtu anaweza kuwa na kingamwili bila kuumwa, na mwenye kinga iliyoshuka anaweza kuumwa bila kuwa nazo za kutosha. Damu hiyohiyo hutumika kupima ini, figo, wingi wa damu, sukari na VVU kabla ya dawa kuanza.

Picha ya CT huonyesha mambo ambayo eksirei huyaficha, hasa mpira wa kuvu ulio mdogo. Mgonjwa hulala chali kwenye meza inayopita ndani ya duara kwa dakika chache, haumii. Pasipo CT, eksirei nzuri hutosha kuanzia. Kuna wanaohitaji kuingizwa kamera ndogo mapafuni, lakini ni wachache.

Majibu yote yakipatikana, daktari huyaweka pamoja. Kwa nchi zenye vifaa vichache, jopo la wataalamu lilichapisha mwaka 2018 mwongozo wenye masharti manne: dalili za miezi mitatu au zaidi, picha yenye mabadiliko yanayolingana na ugonjwa, ushahidi wa kuvu katika damu au makohozi, na kuondoa uwezekano wa kifua kikuu na magonjwa yanayofanana nacho. Kwa sababu hiyo ni kawaida mgonjwa kurudi nyumbani siku ya kwanza bila jina la ugonjwa na bila dawa mpya. Hilo huwaudhi wengi waliosafiri mbali, na kliniki nzuri hueleza mapema.

== Dawa ==

Si kila mgonjwa hupewa dawa. Mwenye mpira mmoja wa kuvu usiobadilika na asiye na dalili anaweza kufuatiliwa tu kwa picha.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni itrakonazoli ya kumeza, kwa kawaida miligramu 200 mara mbili kwa siku. Ni muhimu kujua kwamba flukonazoli, dawa ya fangasi inayopatikana kirahisi zaidi katika maduka ya dawa, haiwezi Aspergillus fumigatus hata kidogo. Anayeinunua kwa kuwa jina la ugonjwa ni fangasi anapoteza fedha na muda.

Itrakonazoli ni dawa yenye masharti. Kapsuli huhitaji tindikali ya tumbo, hivyo humezwa pamoja na chakula. Wengine hushauriwa kuteremshia na soda ya kola kwa sababu ni chachu. Dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazoli huzuia isifyonzwe. Ile ya maji ni kinyume chake: hunywewa tumbo likiwa tupu. Palipo na maabara, damu hupimwa baada ya wiki mbili hivi ili kujua kama dawa imefika kiwango kinachotakiwa. Watu wawili wakimeza dozi ileile, kiwango katika damu huweza kupishana sana.

Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huvunja itrakonazoli mwilini hadi karibu isionekane, na athari hiyo hudumu wiki mbili hivi baada ya kuacha kuitumia. Kwa mgonjwa anayemaliza dawa za kifua kikuu daktari huhesabu siku kabla ya kuanza dawa ya kuvu. Kati ya dawa za VVU, efavirenzi huipunguza nayo, na ritonaviri huiongeza. Wenye pumu wanaovuta budesonidi au flutikasoni wanapaswa kuitaja dawa hiyo, kwa kuwa ikikutana na itrakonazoli hujikusanya mwilini na kudhoofisha tezi za adrenali. Ndiyo sababu ya kuleta pakiti zote.

Madhara yanayotazamiwa ni kichefuchefu, kuvimba miguu, shinikizo la damu kupanda, ganzi ya vidole na ini kuathirika. Miguu ikivimba na pumzi ikawa fupi zaidi, mgonjwa arudi kliniki bila kusubiri tarehe, kwa sababu itrakonazoli inaweza kudhoofisha moyo. Wasioivumilia huweza kupewa vorikonazoli. Hii hufanya ngozi iungue haraka na jua, huvuruga kuona kwa muda mfupi baada ya kumeza, na ikitumika miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Kofia na mikono mirefu huwa sehemu ya matibabu, na kwa watu wenye ualbino hili huzungumzwa kwa uzito wa pekee. Walioshindwa na dawa za kumeza hutiwa amfoterisini B au mikafunjini kwa mshipa, jambo linalohitaji kulazwa au kwenda hospitali kila siku.

Swali la kwanza la wagonjwa huwa: hadi lini? Muda wa chini uliozoeleka ni miezi sita. Utafiti uliofanyika Chandigarh, India, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha miezi sita na miezi kumi na miwili ya itrakonazoli: ugonjwa ulirudi kwa asilimia 38 ya waliotibiwa nusu mwaka, na kwa asilimia 10 tu ya waliomaliza mwaka. Wapo pia wanaoendelea kwa miaka. Matundu hayajai tena. Lengo ni kuzuia yasiongezeke, kupunguza kukohoa damu na kurudisha nguvu.

== Ziara zinazofuata ==

Mwanzoni mgonjwa huitwa baada ya wiki chache ili kupima ini na kusikia kuhusu madhara, kisha kila miezi mitatu hadi sita. Hupimwa uzito, huulizwa maswali yaleyale ya kikohozi na pumzi, na hutoa makohozi tena. Eksirei au CT hurudiwa kwa nafasi, si kila mara. Kingamwili hushuka polepole sana, pengine kwa miezi mingi, kwa hiyo namba ambayo haijabadilika kwenye ziara ya pili haina maana kwamba dawa imeshindwa.

Makohozi yakiendelea kuotesha kuvu, huweza kupimwa kama kuvu hiyo imekuwa sugu. Usugu mwingine hutoka mashambani, ambako dawa za jamii ileile hupuliziwa mimea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka Aspergillus fumigatus katika kundi la juu kabisa la orodha yake ya kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele.

Ugonjwa ni mzito hata panapo huduma kamili. Kati ya wagonjwa 387 waliofuatiliwa Manchester, asilimia 86 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 baada ya miaka mitano na asilimia 47 baada ya miaka kumi. Wengi wao walikuwa na magonjwa mengine ya mapafu, hivyo si vifo vyote vya kuhesabiwa kwa kuvu.

== Kukohoa damu ==

Kila mgonjwa anapaswa kutoka kliniki akijua la kufanya akikohoa damu. Michirizi kwenye makohozi ni ya kawaida. Huandikwa na kutajwa ziara ijayo. Damu inayojaa vijiko kadhaa, au inayorudia siku hiyohiyo, ni ya kwenda hospitali mara moja, hata usiku. Njiani mtu akae wima. Akilazimika kulala, alalie upande unaotoa damu, kama unajulikana, ili pafu la pili lisijae. Baadhi ya kliniki humpa mgonjwa vidonge vya asidi traneksamiki vya kuweka nyumbani. Hospitali kubwa zinaweza kuziba mshipa unaovuja kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja, ingawa damu huweza kurudi kuvu isipotibiwa.

Mwenye mpira mmoja wa kuvu na mapafu yenye nguvu ya kutosha hupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa kifua. Kwake kuondoa sehemu hiyo ya pafu kunaweza kuwa tiba ya kudumu. Waliobaki na makovu pande zote mbili mara nyingi hawafai kupasuliwa.

== Nyumbani na kazini ==

Kuziepuka spora kabisa haiwezekani. Ushauri wa kliniki ni wa kiasi: mgonjwa asipure wala kupeta nafaka zenye ukungu, asigeuze mboji wala samadi, asifagie ghala la mahindi, na asilale katika chumba chenye ukuta wenye ukungu. Kazi hizo zikikosa mtu mwingine, barakoa inayobana vizuri husaidia. Kuacha sigara na kupunguza moshi wa kuni jikoni hulinda kile kilichobaki cha pafu. Chanjo za mafua na nimonia hupendekezwa zinapopatikana. Dawa za steroidi za kumeza, ambazo mara nyingine hutolewa kwa kikohozi cha muda mrefu, zinaweza kuipa kuvu nguvu. Mgonjwa amweleze daktari yeyote ugonjwa alio nao kabla ya kuzikubali.

== Afrika ya Mashariki ==

Mwaka 2011 ilikadiriwa kwamba watu wapatao milioni 1.2 duniani walikuwa wakiishi na aspajilosi sugu iliyofuata kifua kikuu. Hata hivyo kipimo cha kingamwili hakipatikani katika vituo vingi vya eneo hili, na mashine za CT zimekusanyika katika miji mikubwa. Itrakonazoli na vorikonazoli ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Za kuvu mara nyingi mgonjwa hujinunulia, na kwa matibabu ya mwaka mzima gharama huwa kubwa kuliko kipato cha familia nyingi. Kwa hiyo katika kliniki za eneo hili mazungumzo ya bima, msamaha wa malipo na duka lenye bei nafuu huchukua nafasi ileile ya maelezo ya dozi, na anayeishiwa fedha katikati hushauriwa kurudi kusema kabla hajaacha kumeza.